Somo la Afya: Mazoezi ya Viungo kwa Askari Aliyejeruhiwa

Askari akirudi kwao Osieko na jeraha la vita, jamaa zake humpokea kwa furaha na huzuni pamoja. Hutandikiwa mkeka kivulini, huletewa uji na samaki, na akitaka kuinuka mama yake humwambia, "Keti, mwanangu, sisi tupo." Maneno hayo ni ya upendo, lakini yakiendelea kwa miezi mingi yaweza kumlemaza kuliko risasi yenyewe. Kusudi la somo hili ni kueleza kwa nini askari huyo hana budi kufanya mazoezi, na jinsi ya kuyafanya kwa kipimo.

Jambo hili si geni katika nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria. Vijana wa Nyanza walikuwamo katika vikosi vya King's African Rifles vilivyopigana katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, mwaka 1944. Tena, tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, wako wengine waliorudi makwao na majeraha.

SABABU YA MAZOEZI

Msuli usiofanya kazi hupungua. Mguu uliofungwa plasta kwa majuma machache hutoka mwembamba kuliko mwenzake. Kadhalika kiungo kisichokunjwa hukakamaa, kwa kuwa nyama na kano zinazokizunguka hufupika na kushupaa. Wazee walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Watu wa Osieko, ambao huanika samaki ufuoni, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Basi goti nalo ni hivyo hivyo.

MAFUNZO YA VITA VYA 1939 HADI 1945

Katika vita hivyo hospitali za majeshi zilijaa majeruhi. Huko Chicago, Marekani, daktari wa jeshi Thomas DeLorme aliwapa askari wenye magoti yaliyoumia vyuma vya kuinua, akaongeza uzito kadiri nguvu zilivyoongezeka. Alitangaza habari za njia yake mwaka 1945.

Huko Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, mwezi wa Februari 1944. Kabla ya hapo wengi wa wagonjwa hao walikufa upesi kwa vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, kisha akawatia katika kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini London, askari 16 wa zamani, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwa upinde na mshale wakiwa katika viti vya magurudumu. Huo ndio mwanzo wa Michezo ya Paralimpiki.

JINSI YA KUANZA

Kwanza daktari aseme kwamba mfupa umeunga na jeraha limefunga. Baada ya hapo aliyeumia goti na afuate hatua hizi:

1. Alale chali, anyooshe mguu, akandamize mkeka kwa upande wa nyuma wa goti, ahesabu 5, kisha alegeze. Afanye hivyo mara 10.

2. Akiweza hayo bila taabu, auinue mguu ukiwa umenyooka, kimo cha shubiri moja au mbili, kisha aushushe polepole.

3. Ndipo aongeze uzito. Mfuko wa mchanga wa ufuoni watosha, nao waweza kupimwa kwa mizani ya samaki. Atafute uzito anaoweza kuuinua mara 10 tu. Tuseme ni kilo 4. Atainua kilo 2 mara 10, apumzike. Kilo 3 mara 10, apumzike. Kisha kilo 4 mara 10. Kilo 4 zikiwa nyepesi, aongeze kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Aliyekatwa mguu chini ya goti asiweke mto chini ya goti hilo, ijapokuwa aona raha, kwa maana litakakamaa likiwa limekunjwa, na mguu wa bandia hautamfaa. Alale kifudifudi kwa muda kila siku ili nyonga yake inyooke. Aliyeumia vidole na ashike nyavu azishone, kwani kazi hiyo ni zoezi jema la mkono.

MAMBO YA KUANGALIA

Msuli ukichoka na kuuma kidogo, si ajabu. Lakini maumivu makali, uvimbe, wekundu au homa ni ishara ya kuacha na kwenda kwa daktari. Mwenye kidonda kibichi asiingie ziwani; na hata aliyepona akumbuke kwamba majini mna kichocho na viboko. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko mjini Busia, na huko ndiko pa kuuliza kwanza. Lakini njia ni ndefu na nauli si kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi itafanyika nyumbani.

Hapo ndipo jamaa wanapohitajiwa. Mke ahesabu pamoja na mumewe, mtoto ashike mfuko wa mchanga, na mama, badala ya kusema "Keti, mwanangu," aseme, "Inuka, mwanangu, nishike bega." Akianguka ainuliwe, lakini asikatazwe kusimama tena.

MASWALI

1. Kwa nini mguu uliofungwa plasta huwa mwembamba?
2. Mtu aweza kuinua kilo 8 mara 10 tu. Ataanza na kilo ngapi, na atafuatisha ngapi?
3. Katika mtaa wenu yuko nani aliyeketishwa kwa huruma? Mwaweza kumsaidiaje?