Ulinzi Katika Mpira wa Kikapu

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwaka 1891 na mwalimu mmoja, jina lake James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alipokuwa akifundisha katika mji wa Springfield, Marekani. Alitundika vikapu viwili vya matunda, kila kimoja futi 10 juu ya sakafu; na hata leo kimo ni kile kile. Watu watano hushindana na watano.

Mwanafunzi aingiaye shule ya sekondari hupenda kwanza kufunga, maana mfungaji hushangiliwa. Lakini timu isiyojua kulinda ni kama mtungi uliotoboka: hujazwa huku, huvuja huku. Kwa hiyo mwalimu mwema hufundisha ulinzi mapema, tena huanza na miguu kabla ya mikono.

Jambo la kwanza ni kusimama. Mtoto wa Kigoma au Ujiji na amtazame mvuvi asimamaye ndani ya mtumbwi katika Ziwa Tanganyika. Miguu ameitanua, magoti ameyakunja kidogo. Wimbi likija, haanguki. Ndivyo asimamavyo mlinzi. Akisimama wima kama mchikichi, mshindani humpita kabla hajageuka.

Jambo la pili ni mahali. Mlinzi hukaa kati ya mshindani wake na kikapu. Hutazama kiuno cha mshindani, wala si uso. Kwa maana macho na mikono huweza kudanganya, lakini kiuno hakiendi ila pamoja na mwili wote. Mshindani akienda upande, mlinzi humfuata kwa kusogeza miguu ubavu-ubavu, bila kuipishanisha.

Jambo la tatu ni subira. Arukaye ovyo hupitwa. Apigaye mkono wa mwenziwe ametenda kosa. Na kwa sheria za kimataifa, akifikisha makosa 5 hutoka mchezoni. Heri angoje hata mrushaji aruke, ndipo naye ainue mkono wima.

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisifiwa sana kwa ulinzi alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ya NBA. Kimo chake ni futi 7 na inchi 3. Si kila mtoto atakayerefuka hivyo. Lakini kukunja magoti na kungoja kwa subira hakuhitaji urefu.

Jambo la mwisho ni kusaidiana. Mlinzi akipitwa, aliye karibu hukimbilia kuziba njia, naye aliyepitwa hushika mahali pa mwenzake. Tena huitana kwa sauti, ili kila mmoja ajue la kufanya. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Maswali
1. Kwa nini mlinzi hutazama kiuno cha mshindani?
2. Mlinzi hufanana na mvuvi kwa mambo gani?
3. Mwenzako akipitwa, utafanya nini?