Somo la Ujasiriamali Chuoni: Je, Linakufanya Uanze Biashara Kweli?

Siku hizi ujasiriamali unafundishwa hata kwa wanafunzi wa uhandisi na ualimu. Swali ni hili: ukishamaliza hilo somo, unatoka ukitaka kuanza biashara, ama unabaki tu na noti za mtihani?

Nia hutoka wapi?

Mwaka wa 1991, mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kuwa nia ya kufanya jambo hujengwa na vitu vitatu:

1. Unavyoliona jambo lenyewe. Kwako biashara ni kazi ya maana, ama ni ya kusukuma siku ukingoja ajira?
2. Wanavyosema watu wako. Mzazi aliyeuza ng'ombe akulipie karo huenda anangojea kukuona ofisini.
3. Kama unaamini unaweza. Hii haiji kwa kusoma peke yake, huja kwa kujaribu.

Ndiyo maana kwenye mafunzo ya STEP, yaliyoanzia Uganda, wanafunzi hufungua biashara ndogo ya kweli wakiwa bado kwenye kozi.

Na ukigundua haikufai?

Si vibaya. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2010 uliwaangalia wanafunzi walioendesha kampuni ndogo kama sehemu ya masomo. Nia yao ya kuwa wajasiriamali ilishuka. Watafiti walisema huenda ni kwa sababu sasa waliiona biashara ilivyo. Afadhali ujue hivyo ukiwa umeweka mtaji mdogo kuliko baada ya kumaliza pesa yote ya HELB.

Jipime kwa mzunguko mmoja

Tuseme umenunua tisheti 20 za mitumba kwa shilingi 150 kila moja. Hiyo ni 3,000. Nauli ni 200, jumla 3,200. Ukiuza zote kwa 250 kila moja, unapata 5,000. Faida ni 1,800. Safi!

Lakini marafiki wanne wamechukua kwa deni, kwa hivyo mkononi una 4,000. Wiki hiyo umetoa 900 za chakula na bando kwenye simu hiyo hiyo. Imebaki 3,100, na mzigo mpya unahitaji 3,200. Kwa karatasi una faida, lakini huwezi kurudi sokoni.

Kwa hivyo, kabla hujaanza:

- Tenga pesa ya biashara na yako binafsi. Ukiweza, chukua namba ya till.
- Andika kila deni na siku ya kulipwa.
- Kila Jumapili, pitia taarifa ya miamala yako. Kilichoingia ni kiasi gani? Kilichotoka kilienda wapi?
- Jilipe kutoka kwa faida iliyoingia, usiguse mtaji.

Fanya hivyo kwa mzunguko mmoja tu, kisha ujiulize tena kama bado unataka. Jibu utakalopata hapo lina uzito kuliko alama yoyote ya mtihani.

Una biashara ndogo chuoni? Tuambie hapo chini unauza nini na unatengaje mtaji wako.