Bakuli la Urojo na Asili ya Vyakula Vyetu

Katika likizo ya Juni nilipata bahati ya kufuatana na mjomba wangu mpaka Unguja. Sisi ni watu wa Dodoma, na mimi nilikuwa sijapata kuiona bahari. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jambo moja nililojifunza huko, nalo latokana na bakuli la urojo.

Asubuhi tulizunguka katika soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904. Upande mmoja samaki hunadiwa. Upande mwingine yamepangwa mafungu ya karafuu, mdalasini, iliki na manjano. Jioni tulikwenda bustani ya Forodhani, karibu na Beit el Ajaib. Jua likishazama, wauzaji huwasha taa na majiko, wakauza mishikaki, pweza, na maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi. Mjomba aliagiza mabakuli mawili ya urojo.

Mimi nilikataa. Nilisema kwa sauti, "Mjomba, hiki ni chakula cha wageni. Mimi nitangoja ugali. Mwacha asili ni mtumwa."

Mzee aliyekuwa akiuza alitabasamu, akaniuliza, "Na hayo mahindi ya ugali wako, mwanangu, asili yake wapi?"

Nikajibu kwamba ni kwetu, tangu enzi za mababu. Akanijazia bakuli, akasema, "Haya, kula kwanza, kisha ukamwulize mwalimu wako."

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wa historia, naye akanipa vitabu nisome. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Katika bakuli lile mlikuwa na muhogo, viazi na pilipili. Vyote vitatu asili yake ni bara la Amerika. Manjano yaliyoupa mchuzi rangi, na embe mbichi iliyoutia ukali, asili yake ni pande za Bara Hindi. Dengu za bajia zilianza kulimwa Mashariki ya Kati. Hata karafuu nilizoziona Darajani asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Zililetwa Unguja katika karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza zipandwe kwa wingi.

Kumbe mahindi nayo ni mgeni! Yalianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, nayo hayakujulikana huku kwetu kabla ya Wazungu kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Yasemekana Wareno, waliofika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, ndio walioyaleta baadaye.

Je, vyakula vipi ni vya asili ya Afrika? Mtama, uwele, kunde, ukwaju na kahawa ni baadhi yake. Tena mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu. Yeye hupanda uwele kila mwaka, nasi wajukuu tulizoea kumcheka kwa sababu ugali wake si mweupe. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema. Mahindi ya baba yalikauka yakiwa bado yanachanua, na nyumba nzima tulikula kutoka ghala la babu mpaka mavuno yaliyofuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba radhi.

Basi, wenzangu, ukizuru soko la ugenini, uliza kila kitu kimetoka wapi kabla ya kukidharau. Na ukirudi nyumbani, uliza vivyo hivyo. Mimi niliyeitaja methali ile ndiye niliyekuwa nimeiacha asili. Nikimaliza mtihani wa Kidato cha Nne nitakwenda kwa babu, nimwombe radhi, kisha nimwombe mbegu.

Na ule urojo? Niliumaliza wote, nikaomba bakuli la pili.