Kutimua, Kushtaki, Kuuzulu: Msamiati wa Kumwondoa Rais na wa Kuzuia Misaada Unavyosikika Gatwekera

Utangulizi

Kwa siku tisa za Oktoba 2024, wasikilizaji wa habari za Kiswahili nchini Kenya waliambiwa kwamba Naibu Rais, Bw. Rigathi Gachagua, alikuwa 'ametimuliwa', 'amebanduliwa' au 'ameng'olewa', ilhali siku zote hizo tisa alikuwa bado Naibu Rais. Tarehe 8 Oktoba wabunge 281 waliunga mkono hoja iliyowasilishwa na mbunge wa Kibwezi Magharibi, Bw. Mwengi Mutuse, na 44 wakaipinga. Kura hiyo ilikuwa ya kumfikisha mbele ya Seneti. Seneti ndiyo iliyomwondoa tarehe 17 Oktoba, baada ya kuthibitisha mashtaka 5 kati ya 11. Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na mshtakiwa, mtimuliwa hakuwapo.

Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si la wanahabari wavivu tu. Ni pengo la istilahi. Kiswahili cha Kenya kina vitenzi vingi vya kumwondoa kiongozi na kina vichache mno vya kumshtaki, na upungufu huo unahukumu kesi kabla haijasikizwa. Mahali palipochaguliwa kuupima mjadala huu ni Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi. Aidha, makala yanagusia msamiati wa misaada ya kigeni, kwa kuwa katika historia ya Kenya maneno ya kumwondoa Rais na maneno ya kumfungia fedha yamezoea kutembea pamoja.

Kwa nini Gatwekera

Gatwekera, ambayo wengine huiandika Gatwikira, imo katika wadi ya Sarang'ombe, eneo bunge la Kibra. Kabla ya uchaguzi wa 2013 ilikuwa sehemu ya Lang'ata, ambako marehemu Raila Odinga alikuwa mbunge tangu 1992 hadi 2013. Wakazi wengi ni wasemaji wa Dholuo. Hata hivyo mjadala wa hadharani huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na jirani zao wa Makina wana Kinubi chao. Kwa hivyo neno la siasa linapofika hapa hupita katika vinywa vya lugha nyingi kabla halijatulia. Katika Dholuo, kwa mfano, kom ni kiti, na mwenye kiti ni jakom, jina ambalo wafuasi wake walimwita Raila mpaka alipofariki Oktoba 2025. Anayesikia 'kumwondoa kitini' kwa masikio ya lugha hiyo hasikii sitiari ngeni.

Jambo la pili ni la kisiasa. Gatwekera imezoea kuwa upande wa wanaotaka Rais aondoke, lakini si mara zote. Oktoba 1998 mbunge wa Ugenya wakati huo, Bw. James Orengo, aliwasilisha bungeni hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Rais Daniel arap Moi. Hoja ilishindwa. Wakati huo chama cha NDP, kilichoongozwa na mbunge wa Lang'ata mwenyewe, kilikuwa kikishirikiana na KANU. Vivyo hivyo, vijana waliopaaza sauti dhidi ya Rais William Ruto Juni 2024 walishuhudia vigogo wa ODM wakiingia katika baraza lake la mawaziri kabla ya miezi miwili kupita, kisha wabunge wa chama hicho wakaipigia kura hoja dhidi ya Gachagua. Msamiati wa kumwondoa kiongozi hauna chama cha kudumu. Huazimwa na anayeuhitaji wakati huo, akirudishe chombo kikiwa na ufa.

Vitenzi vya kuondoa

Kutimua, katika matumizi ya kawaida, ni kutifua vumbi au kufukuza kwa nguvu. Mbwa hutimuliwa, wezi hutimuliwa. Kitendo hiki hakina ushahidi wala utetezi. Kina vumbi tu. Kubandua ni kinyume cha kubandika: kilichogandishwa kwa gundi hutolewa. Mnyambuliko wa kutendua huo unabeba hukumu yake mwenyewe, kwamba kiongozi amejigandamiza mahali asipopaswa kuwa, kama bango la uchaguzi uliokwisha.

Kung'oa ndicho kitenzi chenye uzito zaidi hapa. Kwingineko mtu husema kiongozi 'ameng'olewa' na msikilizaji akafikiria jino au mti. Kibera ina kumbukumbu nyingine. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waandamanaji waling'oa reli inayopita kijijini, njia ile ile inayobeba mizigo kuelekea Uganda. Tangu hapo, mtu akisema Kibera kwamba Rais atang'olewa, neno hilo halibaki kuwa sitiari tupu. Lina chuma na mataruma ndani yake. Mwandishi wa habari aliyeko katikati ya jiji huenda analitumia kwa sababu ni fupi na linaingia vizuri katika kichwa cha habari. Hajui anachowakumbusha watu.

Kung'atua lina kisa cha kusikitisha kidogo. Kung'atuka kuliingia katika Kiswahili cha siasa kutoka Kizanaki kupitia Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Maana yake ilikuwa kuondoka kwa hiari, mzee akiwaachia wadogo zake madaraka. Kenya ikaligeuza neno likawa kitenzi elekezi: 'kumng'atua'. Hiari imetolewa, sauti imebaki. Mtu hawezi kumng'atua mwingine kwa maana ya awali, kama vile hawezi kustaafu kwa niaba yake.

Mwaka 2024 ulileta kitenzi kingine ambacho hakikutarajiwa na wanaistilahi: shuka. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walimwita Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu, wakamwamuru ashuke. Ni ubunifu wa hali ya juu. Kwa neno moja wameunganisha kodi, urefu wa cheo na amri. Ila kisarufi 'shuka' humwachia mtendwa kazi yote: hakuna Bunge, hakuna theluthi mbili, hakuna Seneti. (Waliolitumia waliuchukua mti na kuiacha karamu, katika Injili Zakayo anaposhuka anapokea mgeni nyumbani kwake na kuahidi kurudisha mara nne alichodhulumu.) Mwaka uliofuata kauli ya 'wantam' iliuhamisha mjadala kutoka bungeni hadi kwenye debe la kura la 2027, na kitenzi kikatoweka kabisa, imebaki hesabu ya mihula.

Kitenzi kinachokosekana

Kifungu cha 145 cha Katiba ya 2010 kinaeleza hatua mbili zisizofanana. Kwanza, mbunge anayeungwa mkono na angalau theluthi moja ya wabunge wote huwasilisha hoja kwamba Rais amevunja Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, au kuna sababu nzito za kuamini ametenda jinai, au amekuwa na mwenendo mbaya uliokithiri. Thuluthi mbili ya Bunge la Taifa, yaani wabunge 233 kati ya 349, wakikubali, Rais huwa ameshtakiwa, na Katiba inasema waziwazi kwamba huendelea na kazi zake. Pili, Seneti husikiza mashtaka, na maseneta 45 kati ya 67 wakithibitisha hata shtaka moja, Rais huacha kushika wadhifa. Hatua ya kwanza ni ya mlalamishi. Ya pili ni ya hakimu.

Katiba ya Tanzania, iliyoandikwa na kusomwa kwa Kiswahili, inalijua jambo hili. Ibara ya 46A inazungumzia Bunge 'kumshtaki' Rais, na Ibara ya 53A inazungumzia 'kura ya kutokuwa na imani' dhidi ya Waziri Mkuu. Ni maneno mawili kwa taasisi mbili. Kenya ilikuwa na kura ya kutokuwa na imani chini ya Katiba ya zamani, na hiyo ndiyo aliyoijaribu Orengo mwaka 1998: ililenga serikali nzima, haikuhitaji kuthibitisha kosa lolote, na ingepita Rais angelazimika kujiuzulu au kulivunja Bunge. Kuliita shtaka la Kifungu cha 145 'kura ya kutokuwa na imani', kama inavyosikika mara kwa mara, ni kumwambia mwananchi kwamba Rais anaweza kuondolewa kwa sababu hapendwi. Si hivyo.

Athari za kukosa kitenzi zilionekana wazi katika kesi ya Marekani. Tarehe 18 Desemba 2019 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki Rais Donald Trump kwa kutumia mamlaka vibaya na kulizuia Baraza lenyewe kufanya uchunguzi. Kiini cha shtaka la kwanza kilikuwa kwamba alizuia msaada wa kijeshi wa takriban dola milioni 391 uliokuwa umeidhinishwa kwa ajili ya Ukraine, huku akiishinikiza serikali ya nchi hiyo imchunguze mpinzani wake, Joe Biden. Tarehe 5 Februari 2020 Seneti ilimwachilia. Katika chama chake ni seneta mmoja tu, Mitt Romney, aliyempata na hatia, tena kwa shtaka moja. Januari 2021 alishtakiwa tena, na Februari akaachiliwa tena. Trump basi ameshtakiwa mara mbili na hajaondolewa hata mara moja. Mwanahabari wa Kiswahili aliyeandika 'Trump atimuliwa' aliandika uongo bila kukusudia, na lugha haikumpa njia rahisi ya kuuepuka.

Pendekezo la makala haya ni la kiasi. Kwa hatua ya kwanza itumike 'kushtaki bungeni', nyongeza ya 'bungeni' ikizuia dhana ya mahakama ya jinai. Kwa hatua ya pili Kiswahili tayari kina 'kuuzulu', kitenzi chenye asili ya Kiarabu ambacho maana yake ni kumtoa mtu cheoni. Kila msemaji anajua kujiuzulu. Amesahau tu kwamba kabla ya mtu kujiuzulu mwenyewe, wengine waliweza kumuuzulu. Gachagua alishtakiwa bungeni tarehe 8, akauzuliwa tarehe 17.

Maneno ya misaada

Katika kesi ya Trump aliyezuia msaada ndiye aliyeshtakiwa. Kenya mambo yamekuwa kinyume: msaada umezuiwa kutoka nje ili Rais wa ndani abanwe. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa miezi sita wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Desemba hiyo hiyo KANU ilikubali kufutwa kwa Kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Waliodai vyama vingi waliitwa vibaraka wa wageni. Wao wakawaita wafadhili marafiki wa demokrasia.

Neno 'mfadhili' lenyewe linastahili kutazamwa. Shina lake ni fadhili, na fadhila hudai shukrani; ndiyo maana punda hulaumiwa kwa mateke yake. 'Mhisani', linalopendwa zaidi Tanzania, linatokana na hisani, wema usiodai malipo. Serikali inayokopesha kwa riba na masharti ikiitwa mhisani, tayari aliyekopeshwa amefanywa mtovu wa shukrani kabla hajafungua mdomo. Julai 2004 Balozi wa Uingereza, Edward Clay, aliwashutumu wakubwa wa serikali ya Kenya kwa ulafi unaowafanya wawatapikie wafadhili viatu vyao. Kauli hiyo ilishangaza mabalozi kuliko ilivyowashangaza Wakenya, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisema kwamba fedha za umma 'zimeliwa'. Clay aliongeza tu yanayofuata mlo.

Miaka 20 baadaye neno limegeuka rangi. Julai 2024 Rais Ruto alilishutumu shirika la Ford Foundation kwamba lilifadhili vurugu za maandamano, nalo likakana. 'Kufadhili' ambako mwaka 1991 kulikuwa sifa kinywani mwa wapinzani, kukawa kosa kinywani mwa serikali.

Vyombo vya habari hupenda kusema kwamba wafadhili 'wamefunga mfereji' wa misaada. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akaona mtaro wa maji. Kenya, mfereji ni bomba lenye koki, na Gatwekera ni mahali ambapo watu wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Mfereji ukifungwa hapa, bei ya mtungi hupanda siku hiyo hiyo, na aliyeufunga hana haja ya kueleza sababu. Tarehe 20 Januari 2025 Trump, akiwa amerudi madarakani, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likakoma kufanya kazi. Wahudumu wa afya waliolipwa kwa fedha hizo nchini Kenya walipoteza kazi, na watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi wakaingiwa na hofu. Hapakuwa na masharti ya vyama vingi wala ya ufisadi. Neno la 1991, 'kushinikiza', halikufaa tena. 'Kusitisha' lilikuwa baridi mno. Lililobaki ni 'kufunga'.

Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Kifungu cha 120 kimekipa nafasi bungeni. Kifungu cha 259 hata hivyo kinasema matoleo ya Katiba yakitofautiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Tangu 2010 hakuna Rais wa Kenya aliyefikishwa mbele ya Seneti chini ya Kifungu cha 145. Siku akifikishwa, mawakili watabishana kwa Kiingereza, na atakayewatafsiria wasikilizaji wa redio Gatwekera atakuwa ameshachagua kitenzi chake kabla karani hajaanza kuita majina ya maseneta.