Bibi Wangari Maathai, mlinzi wa miti

1. Mti na chemchemi

Katika nchi ya Kenya, upande wa Nyeri, kuna kijiji kiitwacho Ihithe. Huko, tarehe 1 Aprili 1940, alizaliwa mtoto mwanamke, akaitwa Wangari. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Wakikuyu. Baba yake alikwenda kufanya kazi katika shamba la mzungu mmoja karibu na Nakuru, na jamaa yake wakamfuata. Lakini kule hapakuwa na shule. Kwa hiyo mwaka 1947 mama akarudi Ihithe pamoja na watoto.

Karibu na nyumba yao palikuwa na mti mkubwa, aina ya mtini, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Wangari alipotumwa kuokota kuni, mama alimkataza kugusa hata kijiti kikavu cha mti ule. Alimwambia kwamba ule ni mti wa Mungu, haukatwi wala hauchomwi. Si mbali na mti huo ilitoka chemchemi ya maji safi. Wangari alikwenda kuteka maji pale. Akaona ndani ya maji mayai ya vyura, mengi, yameshikana kama ushanga. Akajaribu kuyainua ayavae shingoni, lakini yakapasuka mikononi mwake.

Mtoto hakujua bado kwa nini mti na chemchemi vilikaa jirani. Mizizi ya mti mkubwa hushuka chini sana, hupenya katika mwamba, na maji yaliyo chini hupata njia ya kupanda juu. Tena mizizi hiyo hushika udongo wa mlima usiporomoke wakati wa mvua. Wazee hawakusoma mambo hayo katika vitabu. Lakini kwa kuuheshimu mti, waliyalinda maji.

2. Shule

Siku moja kaka yake, jina lake Nderitu, alimwuliza mama kwa nini Wangari haendi shuleni kama ndugu zake. Siku zile wasichana wengi walibaki nyumbani kulima, kuteka maji na kulea wadogo. Mama alifikiri, akaona hakuna sababu ya kumnyima. Basi Wangari akaanza shule ya kijiji, akiwa na miaka 8.

Alipofikisha miaka 11, alipelekwa kukaa katika shule ya Mtakatifu Sesilia, kwenye misioni ya Mathari. Masista wa Consolata, waliotoka Italia, ndio waliofundisha huko. Wangari akaingia dini katoliki, akafanya kazi katika Lejio ya Maria. Mwaka 1956 akamaliza, naye akawa wa kwanza wa darasa lake. Akaendelea na shule ya sekondari ya Masista wa Loreto, pale Limuru.

Mwaka 1960 vijana wapata 300 wa Kenya walichaguliwa kwenda kusoma Marekani. Wangari alikuwa mmoja wao. Akapokewa na Masista Wabenedikto katika jimbo la Kansas. Kwa masista hao, kusali na kufanya kazi kwa mikono ni mambo mawili yasiyoachana. Huko alijifunza elimu ya viumbe hai. Baadaye alisoma pia katika mji wa Pittsburgh, na tena katika nchi ya Ujerumani. Mwaka 1971, huko Nairobi, akapata cheo cha udaktari wa elimu. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, hapakuwa bado na mwanamke aliyefika pale. Akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Nairobi, akifundisha waganga wa wanyama.

3. Chemchemi imekauka

Katika kazi yake Bibi Maathai alichunguza kupe wanaoleta ugonjwa kwa ng'ombe. Alikwenda vijijini kuwatafuta. Lakini macho yake yaliona mambo mengine pia. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani. Mito iliyokuwa safi zamani, sasa ilikuwa myekundu kwa udongo. Alipowauliza wanawake wa vijijini shida zao, walimjibu kwamba hawana kuni, hawana maji safi, na watoto hawashibi vizuri. Palipokuwa na miti na mashamba ya chakula, sasa palipandwa chai na kahawa za kuuza. Mama asiye na kuni hawezi kupika maharagwe, maana maharagwe hukaa motoni saa nyingi. Basi hupika chakula chepesi kinachoiva upesi, na mtoto hudhoofika.

Bibi Maathai akarudi kutazama mahali pa utoto wake. Mugumo haukuwapo tena. Mwenye shamba mpya aliona unachukua nafasi kubwa, akaukata ili apande chai. Na chemchemi nayo ilikuwa imekauka. Hapakuwa na maji wala vyura.

Hapo alitambua kwamba shida zile zote zina mzizi mmoja. Akajiuliza: kwa nini tusipande miti?

4. Wanawake na makopo yao

Jaribio lake la kwanza halikufanikiwa. Alifungua kitalu cha miche mjini Nairobi, lakini fedha zilipungua, na kazi ikafa. Wengi wangeacha hapo. Yeye aliupeleka mpango wake kwenye baraza la wanawake wa Kenya, nao wakaupokea. Tarehe 5 Juni 1977 watu walitembea pamoja katika Nairobi mpaka uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti 7. Huo ndio mwanzo wa chama kilichoitwa Green Belt Movement, maana yake mkanda wa kijani kibichi. Jina hilo lilitoka katika desturi yao ya kupanda miche mingi, elfu moja au zaidi, kwa mistari, hata nchi ikaonekana kama imevaa mkanda wa kijani.

Miche ilitakiwa mingi kupita ile ya serikali. Bibi Maathai akasema wanawake wenyewe waioteshe. Baadhi ya mabwana misitu walicheka. Walisema kazi ya kuotesha miti yataka diploma. Lakini Bibi Maathai, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na vyeti vingi, hakukubali. Je, wanawake hawa hawajaotesha mahindi na maharagwe tangu ujana wao? Akawaambia watumie akili zao na ujuzi wao. Basi wakakusanya mbegu za miti ya kwao. Wakazipanda katika makopo ya zamani yaliyotobolewa chini, na katika vyungu vilivyovunjika. Wakaviweka mahali pa juu, kuku wasifike. Ndivyo walivyopata jina la wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Chama kilikuwa na sheria moja ya maana. Mwanamke hakulipwa kwa mche alioupanda. Alilipwa kwa mche uliopona. Malipo yalikuwa madogo, kama senti 4 za Marekani kwa mche mmoja. Lakini kwa maskini senti hizo zilikuwa msaada. Tena zilimfundisha mtu jambo kubwa: kupanda ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya siku zote.

5. Kulinda

Sheria ile ya wanawake ilimpata na Bibi Maathai mwenyewe. Mwaka 1989 wakubwa wa nchi walitaka kujenga nyumba ya ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Bustani ile ilikuwa mahali pa watu wote. Siku ya Jumapili maskini waliokaa katika nyumba zenye msongamano walikuja kupumzika huko na watoto wao. Bibi Maathai akaandika barua kwa serikali, kwa magazeti, na kwa matajiri wa ng'ambo. Akatukanwa hadharani. Walisema mwanamke wa Kiafrika apaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Chama chake kikafukuzwa katika ofisi, naye akaendesha kazi katika nyumba yake mwenyewe. Lakini mwaka 1990 wenye fedha wakarudi nyuma, na nyumba ile haikujengwa kamwe.

Mwaka 1992 alikaa katika bustani hiyo hiyo pamoja na akina mama ambao watoto wao walifungwa kwa sababu ya siasa. Walifunga kula, wakidai watoto waachiliwe. Polisi wakawapiga, na Bibi Maathai akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali.

Halafu ukaja msitu wa Karura, kando ya Nairobi. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawanywa kwa matajiri ili wajenge nyumba. Bibi Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti mahali palipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na watu waliokodiwa, naye akapigwa kichwani hata damu ikatoka. Akaenda kwa polisi kushitaki, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ilitangaza kwamba haitagawa tena ardhi ya watu wote. Msitu wa Karura ungali unasimama.

Yafaa kuangalia jambo moja. Hakubeba silaha siku yoyote. Alibeba jembe, miche na kalamu.

6. Heshima, na msitu wa Kongo

Mwishoni mwa mwaka 2002 watu wa kwao Tetu walimchagua kuingia bunge, na mwaka 2003 akawa waziri msaidizi wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa safarini kwenda Nyeri. Simu ikalia. Akaambiwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alishangiliaje? Alipofika Nyeri akaomba mche, akapiga magoti, akaupanda kwa mikono yake, mbele ya Mlima Kenya.

Watu wengine waliuliza: miti na amani vina uhusiano gani? Jibu si gumu. Pale ambapo maji, kuni na udongo mzuri hupungua, jirani hugombana na jirani. Anayelinda vitu hivyo huzuia ugomvi kabla haujaanza.

Mwaka 2005 wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walikutana Brazzaville kwa ajili ya msitu wa Bonde la Kongo. Wakamchagua Bibi Maathai awe balozi wa msitu huo. Katika dunia nzima hakuna msitu wa mvua ulio mkubwa zaidi, ila ule wa Amazon. Zaidi ya nusu yake imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miaka iliyobaki ya maisha yake alitembea katika nchi za matajiri, akiwaomba wasaidie kuulinda, maana msitu ule huvuta mvua na kusafisha hewa kwa faida ya wote. Hivyo mwana wa Ihithe, aliyeokota kuni utotoni, akawa msemaji wa miti ya Kongo.

7. Jeneza lisilo la mbao

Bibi Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa na miaka 71. Wakati huo chama chake kilikuwa kimepanda miti mamilioni mengi katika Kenya.

Alikuwa ameomba asiwekwe katika jeneza la mbao, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Basi mafundi wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Serikali, iliyokuwa imemtukana zamani, ikampa heshima kubwa ya taifa. Na watu walikusanyika wapi kumwaga? Katika bustani ya Uhuru Park, juu ya majani yale ambayo yangefunikwa na ghorofa 60.

Maulizo

1. Kwa nini mama yake Wangari alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo?
2. Nani alimsaidia Wangari aende shuleni? Je, kwenu wasichana wote wanasoma?
3. Mti ulipokatwa, chemchemi ikawaje? Eleza sababu.
4. Kwa nini wanawake walilipwa kwa mche uliopona, wala si kwa mche uliopandwa?
5. Bibi Maathai aliteswa mara ngapi kwa ajili ya kazi yake? Taja mahali na mwaka.
6. Taja mti mmoja mkubwa wa kijiji chenu. Wazee husema nini juu yake?

Kazi ya mkono

Kila mwanafunzi atafute kopo la zamani, alitoboe chini, atie udongo mzuri na mbegu ya mti wa kwao. Alinyweshe kila siku asubuhi. Mwisho wa mwaka mwalimu atahesabu miche iliyo hai tu.