Rangi ya Mafuta Iliyozimuliwa katika Modeli ya Nchi: Mfano wa Kyela

Modeli ya sura ya nchi hutengenezwa sana vyuoni, lakini mara nyingi hupakwa rangi nzito inayofunika mabonde yale yale ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyaona. Makala haya yanaeleza matumizi ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa, ili modeli ifundishe badala ya kupendeza tu.

Skeli

Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mlima Rungwe, ulio kilomita 50 hivi kaskazini ya pwani ya ziwa, unakaribia mita 2,960. Katika skeli ya 1:100,000 tofauti hiyo ni sentimita 2.5 tu. Kwa hiyo vimo vyote vizidishwe mara mbili, na wanafunzi waambiwe hivyo.

Matayarisho

Roweka karatasi, ziponde, changanya na uji wa unga, kisha finyanga juu ya ubao. Modeli ikikauka kabisa, ipake rangi ya maji mara mbili: kijani katika uwanda wa mpunga, manjano katika miinuko. Tabaka hizi huzuia karatasi isinyonye mafuta.

Changanya kijiko 1 cha rangi ya mafuta ya kahawia na vijiko 8 vya tapentaini. Jaribu kwanza juu ya kipande kingine kilichopakwa vivyo hivyo. Rangi ya mafuta hufaa kwa sababu haikauki upesi, hivyo mwalimu hupata nafasi ya kufuta ilipozidi.

Somo lenyewe

Kabla ya kupaka, uliza: "Rangi itaelekea wapi?" Kila mwanafunzi aandike kisio lake. Kisha inamisha ubao kidogo upande wa ziwa, ukapake kuanzia vilele vya Rungwe na Milima ya Livingstone. Rangi itateremka katika mabonde ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ikifika uwandani itapunguza mwendo na kutandaa. Hapo mtoto wa Kyela ataona kwa macho yake kwamba mvua ya Rungwe yaweza kuleta mafuriko shambani kwao hata kama kwao haikunyesha, na kwamba maji hayo hayo huleta udongo unaorutubisha mpunga.

Rangi ikituama mahali pasipo na shimo katika nchi, kosa ni la modeli, si la mwanafunzi. Irekebishe.

Baada ya nusu saa, futa vilele kwa kitambaa kikavu. Miinuko itang'aa, mabonde yatabaki na weusi wake. Acha ikauke siku mbili au zaidi.

Tahadhari

Kazi ifanyike nje, mbali na moto, na wanafunzi wasimame upande unakotoka upepo. Tapentaini ishikwe na mwalimu peke yake. Tumia rangi isiyo na madini ya risasi. Vitambaa vyenye mafuta visirundikwe, kwani vyaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja.

Zoezi

1. Kwa nini rangi ilitandaa uwandani?
2. Linganisha makisio na matokeo.
3. Miti ikikatwa kwenye miteremko, uwanda utapatwa na nini?

Mwanafunzi akijibu swali la tatu huku akionyesha kwa kidole juu ya modeli, shabaha ya somo imefikiwa.