Nia na Uangalifu katika Mazoezi ya Mwili

Wako watu wanaodhani kwamba mazoezi ya mwili ni kazi ya watoto wa shule na askari tu. Mtu wa namna hii, akikaa mjini Nyeri, yu radhi kungoja matatu robo saa nzima ili apelekwe mahali ambapo angefika kwa miguu kwa dakika kumi. Ukimwuliza sababu, hasemi kwamba amechoka; asema kwamba watu watadhani hana nauli. Basi ni dhahiri kwamba kinachomzuia si miguu yake, bali ni fikira zake.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha ya kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Ugonjwa huu huja kimya kimya, na kukaa tu bila kujongea ni mojawapo ya mambo yanayouleta. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lataka mtu mzima autumikishe mwili wake kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kila juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha kutimiza kipimo cha chini.

Kwanza, nia. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Alia Crum na Ellen Langer, walitangaza habari za jaribio walilofanya kwa wanawake 84 waliosafisha vyumba vya hoteli. Baadhi yao waliambiwa kwamba kazi yao ni mazoezi mema ya mwili, wengine hawakuambiwa. Baada ya majuma manne, wale walioambiwa walipungua uzito kidogo na shinikizo la damu yao likashuka, ingawa walisema hawakubadili mwenendo wao. Jaribio moja halimalizi hoja, lakini lina funzo. Mama achumaye chai katika miteremko ya Othaya, au aendaye sokoni Karatina kwa miguu, asijione duni. Anautendea mwili wake wema.

Pili, uangalifu. Mwaka 1977 William Morgan na Michael Pollock walieleza tofauti waliyoiona kati ya wakimbiaji wa mbio ndefu. Wakimbiaji wa kawaida walipeleka mawazo mbali ili wasahau taabu. Lakini mabingwa waliangalia pumzi na miguu yao, wakarekebisha mwendo kama mwili ulivyowaambia. Kwa hiyo anayeanza na azungumze na mwenzake njiani, ili safari isiwe ndefu. Akiisha kuzoea, na ajifunze kuusikiliza mwili. Kipimo chepesi ni hiki: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo wako wafaa. Ukiona maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, kisha umwone daktari.

Tatu, kudumu. Catherine Ndereba, aliyezaliwa mwaka 1972 na kukulia katika wilaya ya Nyeri, alishinda mbio za marathoni za Boston mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005. Mwaka 2001, huko Chicago, aliweka rekodi ya dunia kwa wanawake ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Ushindi wa miaka mingi namna hiyo haupatikani kwa bidii ya siku moja.

Si lazima kila msomaji awe bingwa. Chagua saa moja isiyobadilika, kabla ya kazi au baada yake. Tafuta mwenzi atakayekungoja mlangoni. Anza na kilima kifupi, nacho Nyeri haina uhaba wa vilima. Na siku utakapoulizwa kwa nini unakwenda kwa miguu, usione haya kujibu: nauli ninayo, lakini miguu pia ninayo, nami napenda kuitunza.